Maafa yakipiga jiji, nani hasa anashika usukani: meya, zimamoto au ofisi ya maafa?

#1 Jicho la Mtaa
Wakuu salaam. Nimekuwa nasoma ripoti za uchunguzi wa maafa mijini na kuna jambo linanikera. Kila jiji lina mpango wa maafa. Umepigwa mhuri, una michoro ya visanduku na mishale, una kamati yenye mwenyekiti na katibu. Siku yenyewe ikifika, saa ya kwanza inapotea watu wakiulizana nani anatoa amri.

Chukua Manchester, Uingereza, tarehe 22 Mei 2017. Bomu lililipuka kwenye ukumbi wa muziki saa 4 na dakika 31 usiku, watu 22 wakauawa. Zimamoto wana kituo jirani na ukumbi ule, lakini walifika eneo la tukio baada ya zaidi ya saa mbili. Hawakukimbia kazi. Walikuwa wamekusanyika kituo kingine, mbali, wanasubiri kuhakikishiwa usalama na afisa wa polisi ambaye simu yake ilikuwa haishikiki kwa wingi wa wapigaji.

Dai langu: shida ya miji si fedha wala magari. Hakuna aliyekata shauri mapema nani bosi. Nipingeni.

#2 Mpita Njia
Naweka kambi hapa. Bosi ni yule ambaye redio yake bado ina chaji.

#3 Mzimamoto Mstaafu
Mkuu #1, hilo swali lilishajibiwa zamani, ila miji mingi inasoma jibu na kulifungia kabatini. Mwaka 1970 moto wa nyika uliwaka California kwa siku 13. Watu 16 walikufa na nyumba takriban 700 ziliteketea. Vikosi vilikuwepo tele, tatizo kila kimoja kilikuwa na redio zake, misamiati yake na mkubwa wake. Wakati mwingine vikosi viwili vinapishana barabarani, kila kimoja kinakimbilia moto ambao mwenzake ametoka kuuacha. Ndipo ukazaliwa mfumo wa amri kwenye tukio.

Wenyewe ni mwepesi. Wa kwanza kufika ndiye kamanda, hata kama ni koplo, mpaka aje mwenye sifa zaidi na akabidhiwe kwa mdomo, "nimepokea amri". Chini ya kamanda kuna kazi nne: utendaji, mipango, ugavi, na fedha pamoja na utawala. Kila mtu ana bosi mmoja tu. Na bosi mmoja haongozi watu zaidi ya saba, watano ndiyo idadi nzuri. Ukizidisha hapo, huongozi tena, unapokea simu.

Meya hayumo kwenye orodha hiyo, na ni makusudi. Meya anatangaza hali ya dharura, anafungua mfuko wa fedha, anaongea na wananchi, anapiga simu serikali kuu. Akija na fulana ya kuakisi mwanga akaanza kuelekeza magari, mfukuzeni kwa heshima.

#4 Binti Ramani
Mzee wangu #3, shikamoo. Ulichoeleza ni tukio moja: jengo moja, moto mmoja. Jiji likipata tetemeko lina matukio mia tatu kwa dakika moja, na kila moja lina koplo wako aliyepokea amri. Nani anaamua gari la mwisho liende lipi?

Tetemeko la Kobe, Japani, 17 Januari 1995, saa 11 na dakika 46 alfajiri. Watu zaidi ya 6,400 walikufa. Mioto ilizuka sehemu nyingi kwa pamoja, na mabomba ya maji yamekatika chini ya ardhi, kwa hiyo askari wanafika, wanaunganisha mpira, hakuna maji. Hapo kamanda wa eneo hata awe hodari namna gani hana cha kuamuru.

Ndiyo maana kuna kituo cha uratibu wa dharura cha jiji, na watu wanakichanganya sana na kamandi. Kituo hakizimi moto. Kinatafuta. Koplo anasema nahitaji mabasi 10 ya kuhamisha wazee, kituo kinajua mabasi yako wapi, nani ana funguo, dereva analipwa na nani, na wazee wanapelekwa wapi palipo na vyoo. Wenye maji, umeme, barabara, afya, shule na uchukuzi wakae chumba kimoja, wakitazama ramani moja. Kama kila idara ina ramani yake, mmekusanya viti tu.

#5 Mpita Njia
Na hicho chumba kikiungua je?

#6 Kaptani Baridi
#5 umeuliza kwa utani lakini ilishatokea. New York walijenga kituo cha kisasa, kikawekwa ndani ya yale majengo pacha. Septemba 11, 2001 magaidi walipoyashambulia, kikaenda na maji siku hiyohiyo kilipohitajika.

#7 Binti Ramani
Hakikuwa ndani ya majengo pacha, Kaptani. Kilikuwa ghorofa ya 23 ya jengo namba 7, ng'ambo ya barabara. Kilihamwa asubuhi ileile na jengo likaanguka saa 11 na dakika 20 jioni. Tofauti ni ndogo kwa aliyepoteza kituo, lakini wakosoaji walishasema kabla kwamba kuweka kituo cha dharura kwenye ghorofa za juu, karibu na mahali palipowahi kupigwa bomu mwaka 1993, ni kujitafutia.

Kinachonivutia ni kilichofuata. Kesho yake, tarehe 12, jiji lilikuwa na zoezi lililopangwa kufanyika kwenye gati namba 92 mtoni. Ukumbi mkubwa upo, maandalizi yameshaanza. Wakahamishia kituo hapo na kazi ikaendelea. Chumba kiliteketea, lakini watu walikuwa wanajuana kwa sura na kwa majina, ndiyo maana shughuli haikufa.

#8 Kaptani Baridi
Sawa mwalimu, ng'ambo ya barabara. Hoja yangu haijaguswa: usiweke mayai yote kapu moja. Kituo cha pili kiwe mbali, kwenye laini nyingine ya umeme na bonde lingine la mafuriko. Na jenereta isikae chini ya ardhi. Sijui nani aliwafundisha wasanifu kwamba jenereta inapenda giza.

#9 Zamu ya Usiku
Habari zenu. Nimefanya kazi ya kupokea simu za dharura, niwaambie upande ambao hamuusemi. Mnajadili nani anatoa amri, mimi nasema amri hutegemea habari, na habari inaingia kupitia kwa mtu aliyevaa vipaza masikioni, usingizi umemshika, akiongea na mama anayelia.

Usiku mmoja wa mvua kubwa tulipokea simu nyingi za daraja moja. Mmoja anaita daraja kwa jina la kiwanda kilichokufa zamani, mwingine kwa jina la kituo cha basi, mwingine kwa jina rasmi ambalo hata sisi hatukulijua. Tukapeleka magari sehemu tatu. Wakati huo mtu aliyezimia kwake kwa moyo anasubiri kwenye foleni kwa sababu laini zimejaa daraja. Hakuna kamanda duniani ambaye angeokoa hali ile. Kilichokosekana ni orodha ya majina ya mtaani iliyounganishwa na ramani, kazi ya karani mmoja mvumilivu.

Hata namba yenyewe ya dharura ilizaliwa kwa simu kukwama. Mwaka 1935 nyumba iliungua mtaa wa Wimpole, London, wanawake watano wakafa, na jirani aliyepiga simu akawa anasubirishwa na mitambo ya simu. Mwaka 1937 ikaanza 999. Marekani walichelewa, simu ya kwanza ya 911 ilipigwa Haleyville, Alabama, Februari 1968.

#10 Jicho la Mtaa
#9 asante, hii sikuwa nayo. Lakini si inarudi kulekule? Mngekuwa na bosi mmoja chumbani angesema "ni daraja lilelile".

#11 Zamu ya Usiku
Angejuaje? Jengo la Grenfell, London, 14 Juni 2017, bosi alikuwepo. Simu ya kwanza ilipigwa saa 6 na dakika 54 usiku. Wakazi waliopiga simu wakaambiwa wakae ndani, kwa kuwa ndiyo kanuni ya maghorofa: moto unatakiwa ubaki kwenye chumba ulikoanzia. Kanuni hiyo ilikuja kutenguliwa saa 8 na dakika 47. Watu 72 walikufa. Aliyeko chini anauona moto unapanda ukutani, aliyeko kwenye simu haoni ukuta, na maneno kati yao yanapita kwa karatasi na redio zilizojaa. Mwite bosi, mwite nani, kama jicho na sikio haviongei hana la kuamua.

#12 Mzimamoto Mstaafu
Marahaba Binti wa #4, nilichelewa kuitikia.

Zamu, hapo kwenye redio umenigusa. New York, ile Septemba 11, helikopta za polisi ziliona mnara wa kaskazini unaelekea kuanguka. Polisi wakasikia kwenye redio zao. Zimamoto walikuwa masafa mengine. Tulipoteza askari 343 wa zimamoto siku moja, na nasema tulipoteza kwa sababu sisi wa kazi hii tunahesabu pamoja.

Ila msinitoe kwenye mstari. Redio ya pamoja bila lugha ya pamoja ni kelele. Nimeshiriki mazoezi ambapo polisi wanatumia namba za siri, wa ambulansi wanatumia vifupisho vyao, na sisi tuna vyetu. Mkufunzi akapiga marufuku namba zote, semeni maneno ya kawaida. Zoezi likaenda mara mbili ya kasi.

#13 Shangazi Tahadhari
Wanangu, mnabishana kuhusu saa ya kwanza BAADA ya maafa. Mimi naona miji inafeli saa ya mwisho KABLA. Na sababu ni woga. Anayetakiwa kubonyeza kitufe anaogopa kuchekwa.

Lahaina, Hawaii, Agosti 2023. Moto unakuja na upepo, ving'ora vya nje vipo, havikupigwa. Mkuu wa dharura wa kaunti alieleza baadaye kwamba wananchi wamezoea ving'ora kuwa ni tsunami, wangekimbilia mlimani, ndiko kwenye moto. Akajiuzulu. Watu takriban 100 walikufa. Mafuriko ya Valencia, Hispania, 29 Oktoba 2024, wataalamu wa hali ya hewa wametoa onyo jekundu tangu asubuhi. Ujumbe wa simu kwa wananchi ukatoka baada ya saa 2 usiku, watu wengine maji yameshawafika shingoni. Wakafa zaidi ya 220. Meya wa namna gani analala na hilo?

#14 Binti Ramani
Shangazi nakuunga mkono kwa asilimia tisini. Kumi zilizobaki ni hizi: ujumbe wa Valencia ulikuwa chini ya serikali ya jimbo, siyo meya wa jiji. Na sehemu kubwa ya waliokufa walikuwa vitongoji vya kusini ambako mvua yenyewe wala haikuwa kubwa, maji yalishuka kutoka juu. Hili linamsaidia Jicho la Mtaa: mafuriko yanafuata bonde la mto, mamlaka inafuata mipaka ya kiutawala, na kitufe kiko ofisi ya mtu wa tatu.

#15 Mpita Njia
Asilimia kumi za Binti Ramani huwa nzito kuliko tisini zake.

#16 Mbishi Halali
Shangazi, woga wao una sababu. Hawaii, 13 Januari 2018, asubuhi watu wakapokea ujumbe kwamba kombora linakuja na si mazoezi. Ilikuwa kosa la mfanyakazi wa zamu. Ujumbe wa kusahihisha ulichukua dakika 38. Watu walikuwa wanaingiza watoto kwenye mashimo ya maji taka! Ukipiga kengele ya uongo mara mbili, ya tatu watu wanageuza shuka.

#17 Shangazi Tahadhari
Mbishi, tatizo la Hawaii halikuwa kupiga kengele, ilikuwa hakuna ujumbe wa kusahihisha ulioandaliwa. Kitufe cha "kimbieni" kipo, cha "tulieni, tumekosea" hakipo. Andaeni vyote viwili wakati wa amani, kwa lugha zote zinazozungumzwa mjini, na mseme kitu cha kufanya. "Hali ni mbaya, chukueni tahadhari" siyo onyo, ni salamu. Onyo ni "ondokeni sasa, pandeni upande wa mashariki wa reli, msipite darajani".

Na msisahau L'Aquila, Italia, 2009. Mitetemo midogo ilidumu miezi, maofisa wakawatuliza watu. Tetemeko likaua watu 309. Kutuliza nako ni uamuzi, na kunaua.

#18 Fundi Bomba
Nimesoma wote. Mnaongea kama vile jiji ni chumba cha redio. Jiji ni mabomba, nyaya na mitaro. Nimefanya kazi mamlaka moja ya maji, siitaji. Moto mkubwa ukatokea, zimamoto wakaomba tuongeze msukumo eneo lile. Kufanya hivyo inabidi ufunge vali mbili na kufungua moja. Ramani inaonyesha vali. Tunafika, lami imewekwa juu yake. Aliyejua ilipo alistaafu na hakuna aliyemuuliza kabla hajaondoka. Tulimpigia nyumbani, akatuelekeza kwa kutumia mti, na mti ulishakatwa.

Kwa hiyo mimi nasema ni MATENGENEZO. Mtaro uliozibuliwa kabla ya masika unaokoa wengi kuliko kamati yoyote. Derna, Libya, 2023: mabwawa mawili juu ya mji yalijulikana yana nyufa miaka mingi. Usiku wa kimbunga yakapasuka na kufagia sehemu ya mji, maelfu wakafa. Hapo ungekuwa na kituo cha uratibu chenye skrini ukuta mzima, kingeratibu nini?

#19 Jicho la Mtaa
Fundi, nani alitakiwa kuamuru mabwawa yakarabatiwe? Narudi tena kwa bosi. Samahani, ni ugonjwa wangu.

#20 Fundi Bomba
Ugonjwa wako una dawa: beba koleo.

#21 Daktari wa Kata
Ongezeni maafa yasiyo na king'ora. Chicago, Julai 1995, joto kali la siku chache, vifo vya ziada 739. Hakuna jengo lililoanguka, hakuna mto uliofurika. Wengi waliokufa ni wazee waliokuwa wakiishi peke yao, madirisha yamefungwa kwa kuogopa wezi. Chumba cha maiti kikajaa, yakaletwa malori ya friji. Na jiji liliendelea kubishana hadharani kama hayo ni maafa au ni watu kufa kawaida. Kila idara ilikuwa inafanya kazi yake, hakuna aliyejumlisha.

Mwaka 1999 joto likarudi. Safari hii watumishi wakaenda kugonga milango ya wazee, mabasi yakawapeleka kwenye vituo vya ubaridi, vifo vikapungua kwa mbali. Ahmedabad, India, baada ya joto la Mei 2010 lililoua zaidi ya 1,300 juu ya kawaida, waliandika mpango mwaka 2013: nyuzi joto zikifika kiwango fulani, hospitali inajua la kufanya, wenye mabango wanajua, wasimamizi wa kazi za nje wanajua. Hakuna mkutano wa dharura. Namba ikifika, kazi inaanza.

Hili ndilo jibu langu kwa #1. Huhitaji bosi kama umeshaandika kizingiti.

#22 Mzimamoto Mstaafu
Dokta, kizingiti kizuri kwa joto na mto. Mlipuko hauna kizingiti.

#23 Mama Jumuiya
Jamani naomba niongee kwa niaba ya majirani. Kobe mliyoitaja, sehemu kubwa ya waliotolewa kwenye vifusi wakiwa hai walitolewa na ndugu na majirani, kwa mikono na jeki za magari. Zimamoto hawatoshi, hakuna jiji lenye zimamoto wa kutosha siku hiyo. Mexico City, tetemeko la mwaka 1985, vijana waliingia kwenye vifusi wenyewe, likazaliwa kundi la Topos, na hadi leo wanaitwa nchi nyingine kuokoa.

Kwa hiyo serikali ya jiji inayojua kazi yake inajipanga kumsaidia jirani. Iweke mitalimbo na machela kwenye ghala la mtaa. Ijue nani anatumia oksijeni nyumbani. Ifundishe watu kufunga gesi.

#24 Mbishi Halali
Mama, na hao wasamaria wema ndio wanaojaza barabara mpaka ambulansi haipiti. Tena misaada ya nguo zisizohitajika, inabidi watu watolewe kwenye uokoaji waende kuchambua makoti.

#25 Mama Jumuiya
Ndiyo maana nimesema ujipange kuwapokea. Weka meza moja ya kuwaandikisha, uwape kazi na fulana. Ukiwafukuza getini watazunguka nyuma.

#26 Kaptani Baridi
Kuhusu mazoezi: Mexico City kila tarehe 19 Septemba wanafanya zoezi la kitaifa kukumbuka 1985. Mwaka 2017 walifanya saa 5 asubuhi. Saa 7 na dakika 14 mchana likapiga tetemeko la kweli. Kwa vile kitovu kilikuwa karibu safari hii, king'ora kililia karibu sawia na mtikisiko wenyewe.

Sasa mlinganishe na New Orleans. Mwaka 2004 walifanya zoezi la kimbunga cha kubuni kiitwacho Pam, na mambo mengi yaliyotabiriwa yakaja kutokea Agosti 2005. Amri ya lazima ya kuhama ilitolewa tarehe 28, kimbunga chenyewe, Katrina, kikafika 29 asubuhi. Maelfu hawakuwa na gari, na mabasi ya shule yakapigwa picha yamezama yote kwa mstari. Zoezi lilifanyika. Somo lilijulikana. Sasa hapo tuseme nini, bosi, redio, mabomba au woga?

#27 Binti Ramani
Madereva. Basi lilikuwepo, dereva naye alikuwa ana familia ya kuhamisha. Mpango wowote unaohesabu magari bila kuuliza nani ataendesha, na mke na watoto wake watakuwa wapi saa hiyo, ni orodha ya vyuma. Hili linawahusu hata wauguzi, hata Zamu ya Usiku.

#28 Zamu ya Usiku
Kweli tupu. Usiku ule wa daraja nilikuwa napokea simu za watu huku mtaa wangu umo kwenye orodha na kwangu hawapokei. Walikuwa salama, wamelala. Sikuambiwa na mtu yeyote niende au nibaki.

#29 Jicho la Mtaa
Wakuu, nimepata zaidi ya nilichoomba. Bado naamini bosi, ila Dokta na Binti wamenitikisa. Ngoja niulize dogo: kuna jambo lolote ambalo miji yote ilijifunza ikabadilika kweli, bila kubishana?

#30 Kaptani Baridi
Paka na mbwa.

#31 Jicho la Mtaa
Acha utani.

#32 Kaptani Baridi
Sitanii. Wakati wa Katrina watu walikataa kupanda boti kwa sababu waliambiwa waache wanyama wao. Wengine walikufa nao. Mwaka 2006 Marekani ikapitisha sheria kwamba mipango ya kuhamisha watu izingatie wanyama wa nyumbani. "Miji yote" siyo, lakini ndani ya mwaka mmoja na ushee.

#33 Fundi Bomba
Mabwawa miaka, paka mwaka mmoja. Sawa.

#34 Shangazi Tahadhari
Fundi, paka ana wapiga kura wanaompenda. Bwawa hakuna anayelala nalo kitandani. Na mnaodharau, mwanangu mmoja yupo kikosi cha uokoaji, anasema swali la kwanza analoulizwa na bibi mlangoni halihusu maji yamefika wapi, ni "na huyu je?"

#35 Mpita Njia
Sasa mwenye mbuzi kumi anaingia kundi lipi, la wanyama wa nyumbani au la ugavi?

#36 Mzimamoto Mstaafu
Utendaji. Mpeni Mbishi Halali awaongoze, wasizidi saba.